Feni au AC imegoma: ubadilishe spea, usuke mota au ununue nyingine?

Kuanzia Novemba hadi Machi, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar feni hazipumziki. Zinawashwa jioni na kuzimwa asubuhi, na AC za madukani na maofisini zinavuma mchana kutwa. Hiyo ndiyo miezi ambayo mota huungua kwa wingi, na mtu aliyelala usiku mmoja bila feni hana subira ya kufanya hesabu. Anakimbilia dukani kununua mpya, au anakubali kulipia kusuka mota (kuivua waya na kuizungushia mpya) ambayo koili yake, yaani waya huo, ni nzima kabisa. Fedha nyingi zinapotea kwa sababu watu wanachagua kabla hawajajua kilichokufa. Kwa hiyo hapa naanza na ugonjwa, ndipo nilinganishe dawa.

Kwanza, ni nini kimekufa?

Feni nyingi za nyumbani, pamoja na feni za AC zisizo za inverter (inverter ni zile zinazobadilisha kasi zenyewe badala ya kuwaka na kuzima), zina mota ya mtindo mmoja: koili mbili, ya kukimbizia na ya kuanzia, na kapasita, kidude kinachohifadhi chaji ya umeme, iliyoungwa kwenye hiyo ya kuanzia muda wote mota inapozunguka. Kapasita ikichoka, mota inakosa nguvu ya kujianzisha. Utaisikia inanguruma pale ilipo. Ukiisukuma kidogo kwa kijiti inaanza kuzunguka, tena upande wowote utakaoisukumia. Kapasita ambayo haijafa kabisa bali imedhoofika huifanya feni izunguke kivivu hata ukiiweka namba ya mwisho.

Pangaboi kwa kawaida hubeba kapasita ya mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) 2.25 hadi 3.5. Feni za kusimama na za mezani huwa na 1 hadi 2, na feni ya nje ya AC ndogo haiendi mbali na hapo, mara nyingi kati ya 1.5 na 5. Hapa hakuna cha kulinganisha: badilisha kapasita. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote na kazi yake ni ya dakika chache. Angalia tu kwamba namba ya mikrofaradi ni ileile na volti zilizoandikwa ubavuni hazipungui zile za awali, ambazo huwa 400 au 450. Wapo mafundi wanaoweka kapasita kubwa zaidi ili feni ikimbie. Itakimbia kweli, lakini koili ya kuanzia itabebeshwa mkondo ambao haikutengenezewa, na joto lake litaimaliza taratibu.

Ugonjwa wa pili ni bushi na beringi. Feni za kusimama hutumia bushi ndogo za unga wa shaba ulioshindiliwa, zinazonyonya mafuta kutoka kwenye felti iliyozizunguka. Felti ikikauka, shafti inakaba. Vumbi na nywele zinazojisokota nyuma ya panga zinamalizia kazi. Mapangaboi hutumia beringi za gololi, mara nyingi namba 6201 na 6202, ambazo utazipata hata kwenye maduka ya spea za pikipiki. Zima umeme, zungusha kwa mkono. Feni nzima huendelea kuzunguka yenyewe kwa muda kabla ya kusimama. Ikiwa inasimama ghafla, inakwaruza, au shafti inacheza ukiitikisa kushoto na kulia, tatizo ni hapo. Pia hakuna ulinganisho: badilisha au safisha na utie mafuta. Mafuta ya cherehani yanafaa. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi, na dawa za kupulizia za kulegeza kutu hukauka mapema zikakuacha ulipokuwa.

Ugonjwa wa tatu ndio unaoniuma, kwa kuwa ndio unaowafanya watu watupe feni nzima. Feni imekufa kimya. Haingurumi wala haitikisiki, na tester haioni njia kwenye koili. Fundi mwenye haraka anasema mota imeungua. Lakini feni nyingi za kusimama na za mezani zina fyuzi ya joto, kidude kidogo chenye miguu miwili kilichofichwa chini ya kitambaa na nyuzi zinazofunga koili. Mota ikipata joto kupita kiasi, fyuzi hiyo inakata na hairudi tena. Koili chini yake inaweza kuwa haina hata doa. Mwambie fundi afunue kitambaa na apime fyuzi peke yake kabla hajatoa hukumu.

Ikiwa ni fyuzi, iwekwe nyingine ya nyuzijoto zilezile zilizoandikwa juu yake. Kuiunganisha moja kwa moja kwa waya ni jambo linalofanyika sana mitaani, nami nalipinga kwa nguvu zote. Fyuzi ile ndiyo kitu pekee kinachosimama kati ya mota iliyokaba na plastiki inayoshika moto karibu na neti ya kitanda. Wakati wa kulehemu fyuzi mpya, mguu wake ushikwe kwa koleo ili joto la kisu cha kulehemu liishie kwenye koleo, la sivyo inakata kabla haijatumika. Halafu itafutwe sababu, maana fyuzi haikati bure. Karibu kila mara utakuta bushi zimekauka.

Mwisho ni koili yenyewe. Harufu ya vanishi ya koili iliyoungua, waya uliogeuka mweusi, au feni inayoangusha saketi breka kila ukiiwasha. Kwa pangaboi lenye waya tatu kuna kipimo rahisi: pima mbili mbili. Kipimo kikubwa kuliko vyote lazima kikaribie jumla ya vile viwili vilivyobaki. Ukipata, tuseme, omu 180 na 220, cha tatu kiwe karibu na 400. Hesabu isipokubali, koili imekatika au imegusana ndani. Ni hapa tu ambapo swali la kusuka au kununua linakuwa na maana.

Pangaboi na feni ya kusimama: koili ikiungua

Hivi viwili havistahili jibu moja.

Pangaboi la zamani, lile zito lenye kopo la chuma na waya wa shaba, nasema lisukwe. Muundo wake unamsaidia fundi. Koili imekaa katikati na haizunguki, kopo la nje ndilo linalozunguka, kwa hiyo ukishalifungua matundu yote ya kusukia yapo wazi mbele yako. Waya wake si mwembamba wa kukatikakatika, na hakuna mwendo wa namba kadhaa uliofungwa ndani ya koili, kwa sababu kasi inapunguzwa na regulata ukutani. Likisukwa vizuri na kutiwa beringi mpya, linarudi kwenye kazi ya miaka mingi. Mengi kati ya mapangaboi mapya ya bei ya chini ni mepesi mkononi, yana chuma kidogo na wakati mwingine waya wa alumini. Ukilinganisha la zamani lililosukwa na jipya la bei ya chini, mimi nachukua la zamani.

Feni ya kusimama ya plastiki ni habari nyingine. Waya wake ni mwembamba sana, na koili ina matoleo ya kasi tatu ambayo lazima yarudi pale pale yalipokuwa. Fundi mwangalifu ataiweza, lakini muda wake ni mwingi na bei ya kazi itaikaribia bei ya feni mpya. Ongeza kwamba mara nyingi shingo imeshalegea, gia ya kugeukia imeshakwanguka na kichwa kinainama. Kipimo changu: ikiwa kusuka kunazidi nusu ya bei ya feni mpya yenye ubora uleule, nunua. Hiyo ya zamani usiitupe, iachie fundi kwa ajili ya panga, wavu na swichi zake, ambazo ni spea za mtu mwingine.

Kwa atakayefungua mwenyewe ili asafishe: kofia inayoshika panga kwenye feni ya kusimama ina nyuzi za kinyume. Inafunguka kwa kuizungusha mwelekeo wa saa. Wengi wamepasua plastiki kwa kulazimisha upande mwingine.

Kuhusu alumini, neno moja zaidi. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba ya unene uleule, kwa hiyo mota yake inahitaji waya mnene zaidi au inapata joto zaidi. Pia haikubali risasi ya kulehemu kirahisi, na viungo vyake ndivyo vinavyoachia. Mota ya alumini ikiungua, mimi sioni sababu ya kuisuka kwa alumini tena. Kwangua kidogo ngozi ya waya: wekundu ni shaba, weupe wa fedha ni alumini. Uzito nao unasema, kwa kuwa shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kwa ujazo uleule.

Feni ya nje ya AC: hapa kuchelewa kuna gharama

Feni ya chumbani ikifa, unatoka jasho. Feni ya nje ya AC ikifa, unahatarisha kompresa, pampu inayosukuma gesi. Kazi ya feni hiyo ni kuondoa joto kwenye koili ya nje (hapa ni mabomba ya gesi, si waya wa mota). Isipozunguka, presha ya gesi inapanda, kompresa inapata joto, kinga yake inaizima, inapoa, inawaka tena, na mchezo huo unaendelea mpaka kompresa inachoka. Kompresa ndiyo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote kwenye AC. Ukiona feni ya nje imesimama wakati kompresa inavuma, zima kwenye swichi kuu na usiiwashe tena hadi fundi afike.

Feni inayozunguka kivivu inadanganya zaidi. AC inapoza vizuri usiku na alfajiri, ikifika saa saba mchana inapuliza hewa ya uvuguvugu. Wateja wengi huambiwa gesi imepungua, wanajaziwa, na wiki inayofuata hali ni ileile. Kabla ya kulipia gesi, taka kapasita ya feni ipimwe na mota ikaguliwe. Na ujue kwamba kubadilisha mota ya feni hakugusi mfumo wa gesi hata kidogo. Anayekudai fedha ya kujaza gesi kwa sababu amebadilisha mota ya feni, mwombe akuonyeshe kipimo cha presha.

Koili ikishathibitishwa kuwa imeungua, kwenye AC ya kawaida njia ni tatu.

| | Kusuka upya | Mota ya mtumba | Mota mpya |
|---|---|---|---|
| Gharama | Ya kati | Ndogo hadi ya kati | Kubwa kuliko zote |
| Muda | Siku moja au zaidi | Siku hiyohiyo | Siku hiyohiyo, ikiwa dukani ipo |
| Hatari yake | Mizunguko pungufu ya waya, vanishi isiyokaushwa | Beringi chakavu, kutu ndani | Vipimo visivyolingana na AC yako |
| Inafaa | Mota ya chuma inayofunguka, mfano adimu | AC iliyobakiza muda mfupi | AC ambayo bado ina maisha |

Kabla hujaingia kwenye jedwali hilo, iangalie mota yenyewe. Mota nyingi za AC za siku hizi zimemiminiwa plastiki ngumu juu ya koili, zinaonekana kama tofali jeupe au jeusi. Hizo hazisukwi. Hazifunguki bila kuvunjika. Zile za mwili wa chuma uliobanwa kwa skrubu au kwa kukunjwa ndizo zinazofunguka. Kwa hiyo kwa wenye mota ya kumiminiwa, ulinganisho unabaki kati ya mtumba na mpya.

Mimi kwa AC ninaegemea mota mpya, tofauti na msimamo wangu kuhusu pangaboi. Mota ya nje inakaa juani, inanyeshewa, na kwa tunaoishi pwani inapuliziwa chumvi ya bahari mwaka mzima. Vanishi isiyokaushwa vizuri haivumilii hali hiyo. Na gharama ya mafundi kupanda tena ukutani ghorofa ya tatu ikiharibika ndani ya miezi michache inaifuta akiba yote uliyoipata. Kusuka nakukubali pale mfano wa AC umepotea sokoni na mota inayofanana nayo haipatikani.

Mota ya mtumba, iliyochomolewa kwenye AC zilizobomolewa, si ya kudharauliwa. Nenda nayo ile ya zamani mkononi. Zungusha shafti, sikiliza, tikisa, pima koili zote pale pale, na omba iwashwe kwa kapasita yake angalau kwa robo saa. Ikipata joto la kukushinda kuishika ndani ya muda huo bila mzigo wowote, iache.

Kwa mpya na ya mtumba, vinavyopaswa kulingana ni hivi: wati, kasi, unene na urefu wa shafti, mashimo ya kufungia, namba ya kapasita, na upande wa kuzunguka. Kasi inategemea idadi ya poli, yaani ncha za sumaku zinazotengenezwa na koili. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota ya poli 6 haiwezi kuvuka mizunguko 1000 kwa dakika, na ya poli 4 ukomo wake ni 1500. Ukifunga ya poli 4 mahali pa poli 6 kwa panga lilelile, mzigo unaizidi nguvu na inaungua. Upande wa kuzunguka nao unasahaulika. Panga likizunguka kinyume litapeleka hewa ndani badala ya kuitoa nje. Utaona feni inazunguka vizuri, na kompresa inakata vilevile. Kwenye mota nyingi za aina hii, kubadilishana nafasi za waya wa kuanzia na wa kukimbizia hurekebisha hilo pale koili mbili zinapolingana; kama hazilingani, tafuta mota ya upande sahihi.

AC za inverter

Hapa sina maelezo marefu: usisuke. Mota za feni kwenye inverter nyingi hutumia umeme wa DC wa takriban volti 310, na ndani yake kuna bodi ndogo ya kuiendesha. Kinachokufa mara nyingi ni bodi hiyo, si waya. Mota nzima ndiyo inayobadilishwa. Tahadhari moja inaokoa fedha nyingi: plagi ya mota hiyo isichomolewe wala kuchomekwa umeme ukiwepo, na hata ukishazima, usubiri kapasita kubwa za bodi kuu zimalize chaji. Mota mpya huunguzwa kwa kuchomekwa mapema, kisha lawama inaenda kwa muuza spea. Chaji hiyo pia inaweza kuua mtu.

Ukiamua kununua: pangaboi la kawaida au la BLDC?

Kwa sasa sokoni kuna mapangaboi ya mota isiyo na brashi (BLDC), yanayoendeshwa kwa bodi na rimoti. Tofauti yake kubwa ni umeme. Pangaboi la kawaida linakula kama wati 75 kwenye kasi ya juu, la BLDC kama 30.

Liwashe saa 12 kwa siku, siku 30. La kawaida linatumia uniti 27, la BLDC uniti 10.8. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, uniti ya Sh 292 inafika karibu Sh 356 ukishaweka kodi ya VAT na tozo za REA na EWURA. La kawaida linakutoka karibu Sh 9,600 kwa mwezi, la BLDC karibu Sh 3,850. Kwa feni moja, tofauti ni zaidi ya Sh 5,700 kila mwezi, na nyumba yenye feni tatu itaiona haraka. Kwa aliye kundi la D1, lenye uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, hesabu ni ya namna nyingine: feni mbili za kawaida zinakula uniti 54 peke yake, na friji bado haijahesabiwa.

Upande wa pili wa mizani ni matengenezo. Pangaboi la kawaida kila fundi wa mtaa analiweza, na spea zake zipo Kariakoo mwaka mzima. La BLDC likigoma ni bodi, na bodi za umeme hazipendi umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kama mtaani kwako umeme unakatika na kurudi mara kwa mara, na duka haliwezi kukuonyesha bodi ya akiba ya feni hiyo, nunua la kawaida la shaba kwa ajili ya chumba cha matumizi machache, na uweke BLDC kwenye chumba ambacho feni haizimwi, ukiilinda kwa kifaa cha kuzuia umeme mkubwa.

Ukiamua kusuka: maswali kwa fundi

Muulize anatoaje waya wa zamani. Anayeitupa mota motoni ili vanishi iungue anaharibu ngozi nyembamba iliyo kati ya bati za chuma za mota, na mota hiyo itapata joto daima hata waya mpya uwe mzuri namna gani. Fundi mwema anakata waya upande mmoja na kuuvuta. Muulize pia kama amehesabu mizunguko ya koili ya zamani na kupima unene wa waya kwa maikromita, kisha aandike. Kukadiria kwa macho hakutoshi. Baada ya kusuka, koili inachovywa vanishi na kukaushwa kwa joto. Isipokaushwa, unyevu wa pwani utaingia.

Kabla ya kulipa, iwashwe mbele yako kwa saa nzima, panga zikiwa zimefungwa. Kisha ipimwe kwa mega (kifaa cha kupima uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya koili na mwili wa chuma. Kipimo kisipungue megaomu 1, na mota iliyosukwa vizuri inatakiwa kuipita namba hiyo kwa mbali. Ikishuka chini ya hapo, umeme unavuja kuelekea kwenye kopo ambalo mtu ataligusa siku ya kufuta vumbi, na mota hiyo irudi mezani kwa fundi siku hiyohiyo.